Kahawa Njema Irudi Nyumbani



Liko swali ambalo familia zetu nyingi hazijajiuliza. Inakuwaje nchi inayolima kahawa Kilimanjaro, Arusha, Mbeya, Songwe, Ruvuma, Kigoma na Kagera iwe nchi ambayo kikombe cha kahawa njema ni adimu mezani mwa mkulima, na ni adimu vilevile mezani mwa jirani yake wa mjini? Buni zetu huchumwa kwa mkono, hukobolewa, hupangwa madaraja na kutiwa maguniani, kisha sehemu kubwa mno husafirishwa ikiwa mbichi. Ujerumani, Italia na Japani huikaanga, huisaga na kuifurahia. Sisi tulioilima hubaki na kopo la unga wa kukoroga, au pakiti iliyokaa rafuni mwa duka tangu mwaka jana, kisha tunasema, “Kahawa ni chungu, afadhali chai.”

Ni kweli kwamba sisi wa pwani hatukuiacha kahawa. Mdila juu ya makaa, vikombe vidogo visivyo na mkono, kashata au tende pembeni: hiyo ni desturi yetu, na mwenye kupita Zanzibar, Tanga, Lamu au Mombasa baada ya Alasiri ataikuta ingali hai. Lakini kahawa hiyo ni ya barazani, na baraza, kwa mazoea yetu, ni ya wanaume. Ndani ya nyumba, kwa mama, kwa vijana, kwa mgeni wa kike, kilichopo ni chai. Safu ya juma hili inataka kuirudisha kahawa njema ndani ya nyumba, kwa gharama ndogo na kwa elimu kidogo.

Kinywaji kilicholelewa na Waislamu

Mti wa mbuni wa aina ya Arabika asili yake ni nyanda za juu za Ethiopia. Lakini kuifanya kahawa kuwa kinywaji cha kuchemsha na kunywa kwa kikombe, kama tunavyoijua leo, ni jambo ambalo ushahidi wake wa wazi unaanzia Yemen katika karne ya 15, miongoni mwa watu wa tarika za Kisufi. Waliinywa ili iwaondolee usingizi katika nyiradi za usiku. Kutoka Yemen ikapanda hadi Makka na Kairo, na kufikia katikati ya karne ya 16 ilikuwa na majumba yake katika mji wa Istanbul. Bandari ya Mokha, katika Bahari ya Shamu, ikawa mlango wa kahawa ya dunia nzima kwa muda mrefu.

Haikupita bila mzozo. Mwaka 1511 Khair Beg, ofisa wa dola ya Wamamluki mjini Makka, aliwakusanya wanazuoni na matabibu, akaipiga marufuku. Habari zilipofika Kairo, jibu la sultani lilikuwa jepesi kuliko alivyotarajia: mikusanyiko yenye maovu izuiwe, ama kinywaji chenyewe hakikuharimishwa. Baadaye, katika karne hiyohiyo, Abd al-Qadir al-Jaziri aliandika kitabu kizima kutetea uhalali wa kahawa, na mengi tunayoyajua juu ya mwanzo wake yametokana na kitabu hicho.

Nasi tusidhani kwamba kahawa ilikuja kwetu kwa njia ya bahari peke yake. Wahaya wa Kagera walikuwa na buni zao za aina ya Robusta kabla ya mkoloni kufika. Walizichemsha pamoja na majani yenye harufu nzuri, wakazikausha, na kumkaribisha mgeni kwa kumpa azitafune. Hivyo basi, tunapozungumzia kahawa hatuzungumzii tunu ya kigeni. Tunazungumzia kitu chetu, ambacho tumekizoea tukiwa wakulima na kukisahau tukiwa wanywaji.

Birika la kubonyeza

Wauzaji wa vyombo hukiita frenchi presi. Hapa tutakiita birika la kubonyeza, kwa kuwa ndiyo kazi yake. Ni chombo cha kioo au cha chuma, mfano wa jagi lililonyooka, chenye mfuniko uliopitishwa ufito. Mwisho wa ufito huo pana chujio la waya laini linaloenea ukingo hadi ukingo. Unatia kahawa, unatia maji, unangoja, kisha unabonyeza ufito polepole ili chujio liyasukume mashapo chini, nawe umimine kilicho safi juu.

Jina lake linadai Ufaransa, na kweli Wafaransa wawili, Mayer na Delforge, waliandikisha hataza ya chombo cha namna hii mwaka 1852. Lakini birika linalofanana na la leo liliandikishwa Milan, Italia, mwaka 1929, na Attilio Calimani na Giulio Moneta. Na mwaka 1958 Faliero Bondanini akaliboresha, likatengenezwa Ufaransa na kuenea.

Kwa nini tulichague chombo hiki na kuacha mashine za gharama? Sababu ya kwanza ni kwamba halihitaji umeme wala karatasi za kuchujia, ambazo hununuliwa kila mara. Sababu ya pili ni nzito zaidi. Waonjaji wanaopanga ubora wa kahawa yetu kabla haijauzwa, huko Moshi na kwingineko duniani, hutumia njia inayokaribiana sana na hii: kahawa iliyosagwa hutiwa kikombeni, humiminiwa maji ya moto, huachwa dakika nne, utando wa juu huvunjwa kwa kijiko na povu kuondolewa, kisha huonjwa. Kwa hiyo mwenye birika la kubonyeza anaionja kahawa ya mkulima kama anavyoionja yule anayesema hii ni ya daraja la juu na hii ni ya chini. Ni haki iliyoje kwa mtoto wa mkulima kuijua ladha ambayo baba yake analipwa kwayo!

Mambo manne yanayoamua ladha

La kwanza ni buni zenyewe. Arabika ina ladha laini, yenye uchachu mwepesi mfano wa tunda na harufu nyingi. Robusta ni nzito, chungu zaidi, na kafeini yake hukaribia mara mbili ya Arabika. Hakuna iliyo haramu kwa mwenziwe; wengine huzichanganya. Muhimu zaidi ni upya. Buni zikishakaangwa hutoa hewa ya kaboni kwa siku kadhaa, na harufu yake huanza kupungua baada ya wiki chache. Zikisagwa, harufu hiyo hupotea upesi zaidi. Basi tazama tarehe ya kukaangwa katika pakiti, si tarehe ya kuisha peke yake. Nunua kidogo kidogo, ikiwezekana kutoka kwa mkaangaji wa karibu au chama cha ushirika, na ukiweza nunua buni nzima usage mwenyewe.

Wapo wanaokaanga nyumbani kwa kikaango cha chuma, na hiyo ni elimu ya bibi zetu. Moto uwe wa wastani, mkono usisimame, na dirisha liwe wazi kwa sababu ya moshi. Buni zitageuka kutoka kijani kwenda manjano, kisha kahawia, na baada ya dakika kumi na kitu zitaanza kupasuka kwa mlio kama wa bisi. Muda mfupi baada ya mlio huo zimekwisha kuiva. Mwenye kuendelea mpaka ziwe nyeusi na kutoa mafuta anapata ladha ya moto, si ladha ya buni. Zimwage kwenye ungo, zipepete ganda litoke na joto lipungue upesi, kisha ziache angalau siku moja kabla ya kuzisaga.

La pili ni usagaji, na hapa ndipo wengi hujikwaa. Birika hili linataka kahawa ya chenga, mfano wa chumvi ya mawe iliyopondwa, si unga laini kama ule wa kahawa ya mdila. Unga laini hupenya kwenye chujio na kuifanya kahawa kuwa na tope, hutoa uchungu mwingi kwa muda mfupi, na huziba waya hata ufito ukatae kushuka. Mwambie msagaji dukani kwamba ni ya birika la kubonyeza. Mwenye kinu na mchi nyumbani naye anaweza: atwange kidogo kidogo, na apepete unga uliozidi kwa chekecheo.

La tatu ni maji. Kikombe cha kahawa karibu chote ni maji, kwa hiyo maji ya chumvi ya kisima, au yenye harufu ya dawa, hayataificha tabia yake. Tumia maji yale ambayo ungefurahi kuyanywa peke yake. Joto lake liwe karibu nyuzi 92 hadi 96. Asiye na kipimajoto asihangaike: Dar es Salaam, Zanzibar na Mombasa, ambako maji huchemka kwa nyuzi 100, epua na ungoje kati ya nusu dakika na dakika moja. Aishiye mji wa juu kama Njombe, karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, ambako maji huchemka kwa nyuzi 93 hivi, na amimine mara tu yanapochemka.

La nne ni kipimo na muda. Kipimo kinachokubalika na wengi ni gramu 60 za kahawa kwa lita moja ya maji. Kijiko cha chakula cha kahawa ya chenga, kikiwa sawa bila kuvimba, ni gramu 5 hivi. Hivyo birika dogo la mililita 350 hutaka vijiko vinne, na birika kubwa la lita moja hutaka vijiko kumi na viwili. Usidanganywe na maandishi ya sandukuni: birika la “vikombe vitatu” ni hilo la mililita 350, na la “vikombe vinane” ni la lita moja, kwa maana vikombe vyao ni vidogo. Pakiti ya gramu 250 itakupa lita nne na zaidi kidogo, yaani birika dogo kama mara kumi na mbili. Piga hesabu hiyo kwa bei ya mtaani kwako, kisha linganisha na kikombe kimoja cha mkahawani.

Namna ya kuitengeneza

Chemsha maji. Suuza birika kwa maji ya moto ili kioo kipate joto, kisha yamwage. Tia kahawa yako. Mimina maji kiasi cha kuilowesha tu, ungoje nusu dakika. Kama kahawa ni mpya utaiona inaumuka na kutoa mapovu, na hiyo ndiyo hewa inayotoka. Kisha mimina maji yaliyobaki. Weka mfuniko juu bila kubonyeza, ili joto lisipotee.

Ngoja dakika nne. Fungua, na kwa kijiko cha mti koroga taratibu utando wa juu. Sehemu kubwa ya mashapo itazama yenyewe. Povu na chembe zinazoelea ziondoe kwa vijiko viwili. Mwenye haraka anaweza kubonyeza hapo na kumimina. Mwenye subira aache dakika nne au tano nyingine: kahawa haitaharibika, kwa sababu ya ile chenga, bali itatulia na kuwa safi zaidi. Kisha shusha ufito polepole kwa uzito wa mkono tu, usiulazimishe, na usiusukume mpaka chini kabisa ukavuruga kilichotulia. Mimina kwa utaratibu, na acha tone la mwisho birikani, maana humo ndimo tope lilimo.

Jambo moja husahauliwa: usiiache kahawa iliyobaki ndani ya birika juu ya mashapo yake kwa saa nzima. Itazidi kuwa chungu. Kama wanywaji hawajafika, ihamishie katika chupa ya chai iliyo safi, isiyo na harufu ya chai.

Ukipenda iliki au tangawizi, zitwange na uzitie pamoja na kahawa mwanzoni. Birika hili halina ugomvi na desturi yetu. Ila nakuusia kikombe cha kwanza ukionje kitupu, bila sukari wala kiungo. Huenda ukagundua kwamba sukari ile yote uliyokuwa ukiitia ilikuwa dawa ya kahawa iliyoungua.

Na kikombe kikikataa, kisikilize kinachosema. Kikiwa chepesi na kikali kwa uchachu, kahawa haikutoa ladha yake ya kutosha: saga laini kidogo, au ongeza muda, au hakikisha maji hayakupoa. Kikiwa kichungu chenye ukakasi unaokausha ulimi, umesaga laini mno, au buni zimekaangwa kupita kiasi. Kikiwa hakina ladha wala harufu, kahawa ni ya zamani, na hapo hakuna ufundi utakaoifufua. Badili jambo moja kwa wakati mmoja, ili ujue lililoleta nafuu.

Asiye na birika

Safu hii haikuandikwa ili kumwongezea mtu kitu cha kununua. Kinachofanya kazi ni chenga, maji safi, kipimo na kungoja. Birika ni wepesi tu. Chukua jagi au sufuria ndogo yenye mfuniko, fuata maelezo yote ya juu, kisha mimina kupitia chujio la chai la waya au kitambaa safi cheupe kilichochemshwa. Utapata kikombe ambacho tofauti yake na kile cha birika ni ndogo sana. Anza hivyo kwa mwezi mmoja. Nyumba ikipenda, ndipo ununue chombo.

Na mwenye kununua achunguze mambo mawili: chujio likae barabara ukingoni bila upenyo, na sehemu zake zifunguke kwa kuoshwa. Mafuta ya kahawa hujificha baina ya waya na, yakikaa, huvunda na kuharibu kila kikombe kinachofuata. Angalau mara moja kwa juma, fungua kila sehemu na uoshe kwa sabuni na maji ya moto. Mashapo usiyamwage kwenye sinki, yataziba bomba. Yapeleke kwenye shimo la mboji au shinani mwa miti ya bustani. Kahawa yenyewe ihifadhi katika kopo linaloziba vizuri, mahali pakavu pasipo jua. Jokofu si mahali pake: unyevu utaiingia, na samaki aliye jirani atakuachia harufu yake.

Tena kuna tahadhari ya usalama. Ufito ukigoma kushuka, usiukandamize kwa nguvu. Maji ya moto yanaweza kuruka, na kioo kinaweza kupasuka mkononi. Uinue kidogo, koroga, kisha ujaribu tena. Birika liwekwe katikati ya meza, si ukingoni, na watoto wadogo wasiwe mapajani mwa mtu anayebonyeza.

Afya ya walio nyumbani

Hapa naomba wazee na wenye kuwahudumia wasome kwa makini. Mafuta ya kahawa yana vitu viwili, kafestoli na kahweoli, ambavyo huongeza lehemu mbaya katika damu. Jambo hili lilichunguzwa kwa kina na watafiti wa Uholanzi katika miaka ya 1990. Karatasi ya kuchujia huvizuia kwa sehemu kubwa. Waya wa birika hauvizuii. Kahawa ya kuchemshwa katika mdila nayo iko katika hukumu hiyohiyo. Kwa mtu mwenye afya, kikombe kimoja au viwili kwa siku si jambo la kutisha. Lakini aliyeambiwa na daktari kwamba lehemu yake iko juu, na anakunywa vikombe vingi kila siku, basi achuje kwa karatasi au apunguze, na amweleze daktari anakunywa kahawa ya namna gani. Ni swali ambalo halisemwi zahanati mpaka mgonjwa aliseme mwenyewe.

Jambo la pili ni kafeini. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilieleza mwaka 2015 kwamba mtu mzima mwenye afya anaweza kutumia hadi miligramu 400 kwa siku bila wasiwasi, na mjamzito au anayenyonyesha asizidi miligramu 200. Birika dogo lenye gramu 21 za Arabika linaweza kufikia kiasi hicho cha miligramu 200 peke yake, na la Robusta hupita. Maana yake mama mjamzito atosheke na nusu yake au chini ya hapo, akikumbuka kwamba chai pia ina kafeini. Vilevile kahawa na chai vikinywewa pamoja na chakula huzuia mwili kuchukua madini ya chuma. Kwa hiyo mama mwenye upungufu wa damu atenge saa moja au zaidi kati ya chakula, au vidonge vyake vya madini, na kikombe chake.

La tatu linahusu ibada zetu moja kwa moja. Aliyezoea kahawa kila siku akiikata ghafla hupatwa na maumivu ya kichwa, uchovu na hasira, na hali hiyo huanza baina ya saa 12 na 24 tangu kikombe cha mwisho. Tazama urefu wa mchana wa funga, nawe utaelewa kwa nini siku za kwanza za Ramadhani huwa nzito kwa wanywaji. Wengi hudhani ni njaa. Dawa yake ianze Shaabani: punguza kikombe kimoja kila baada ya siku mbili au tatu, au punguza kipimo cha kahawa birikani, hadi ufikie kiasi kidogo ambacho utaweza kukinywa baada ya futari. Usikisogeze usiku sana. Nusu ya kafeini hubaki mwilini baada ya saa tano hivi, na kikombe kinyweo baada ya Tarawehe kinaweza kukunyima usingizi, ukaamka kwa daku ukiwa umechoka na kuingia Alfajiri ukiwa na kichwa kizito. Wale wa Yemen walikinywa ili wakeshe katika ibada. Mwenye kukinywa na kukesha mbele ya simu amechukua kikombe chao akaacha makusudio yao.

Baraza ya ndani

Turudi kwenye jibu lile lililotoka Kairo mwaka 1511. Lilitofautisha baina ya kinywaji na kikao: kinywaji kikaachwa, kikao kikahukumiwa kwa yanayotendeka ndani yake. Kipimo hicho kingali kinafaa. Baraza inayowapatanisha majirani, inayopeana habari za mgonjwa na za maiti, ni kheri. Baraza inayomfanya baba aonekane nyumbani wakati wa kulala tu inahitaji kuangaliwa upya, hata kama kahawa yake ni tamu.

Birika dogo lina faida moja ambayo haikuandikwa sandukuni: linalazimisha watu kungoja dakika nane au tisa wakiwa wamekaa pamoja. Hakuna cha kufanya katika dakika hizo. Maji yamekwisha kumiminwa, mkono uko huru, na harufu imejaa chumbani. Mume na mke wanaweza kuzungumza jambo ambalo limeahirishwa tangu Jumatatu. Kijana anaweza kumweleza mama yake habari za chuo. Babu anaweza kusimulia namna walivyokuwa wakikaanga buni kwa bibi yake. Hata kazi yenyewe inafaa kugawanywa: mmoja asage, mmoja apime, mmoja ahesabu dakika. Mabinti na wavulana wote wajifunze, kwa kuwa kumkirimu mgeni si kazi ya jinsia moja.

Na mgeni wako akikuuliza kahawa hii imetoka wapi, uwe na jibu. Sema ni ya Mbinga, au ya Rombo, au ya Karagwe. Ulipoinunua, soma jina la wilaya katika pakiti. Kama halipo, muulize muuzaji. Wanywaji wa nchini wakiwa wengi na wakajua wanachokitaka, mkaangaji wa nchini atapata soko, na mkulima atakuwa na mnunuzi wa pili badala ya kungoja bei ipangwe mbali naye. Kikombe kimoja hakibadilishi soko. Lakini mazoea ya nyumba nyingi hulibadilisha, na mazoea ya nyumba huanza kwa mtu mmoja kuchemsha maji.

Tuonane juma lijalo, Inshaallah.